Hivi "albamu iliyopotea" ya Velvet Underground ipo kweli au ni stori za mashabiki?

Mgeni_wa_Gitaa:

Wakuu habari zenu. Nimewajua Velvet Underground, ile bendi ya rock ya New York ya miaka ya sitini, kwa kuchelewa sana, nikaanza na ile ya jalada la ndizi kama kila mtu, nikaenda White Light/White Heat masikio yakaniuma ila nikaipenda, sahivi nimenasa kwenye ile ya tatu ya 1969, ile ya taratibu, na sidhani kama natoka leo wala kesho. Sasa kila nikisoma maoni chini ya nyimbo zao nakuta watu wanataja "albamu iliyopotea", huyu anasema lebo (kampuni ya muziki) iliichoma moto, yule anasema Lou Reed, mwimbaji na mtunzi wao, aliificha mwenyewe, mwingine anabisha kwamba hamna kitu kama hicho ni nyimbo za kuokoteza tu zimepewa jina kubwa. Nikitafuta mwenyewe ndo nachanganyikiwa kabisa, naletewa VU ya 1985, Another View ya 1986, boksi la 2014, sijui Matrix, sijui Quine, yaani nyimbo zilezile zinajirudia kila mahali ila hazisikiki sawa. Foggy Notion peke yake nimeikuta ya aina mbili, moja drams zinadunda kama zimepigwa ndani ya pipa, nyingine kavu kabisa.

Kwa hiyo ipo au haipo? Na kama ipo kwanini haikutoka wakati wake? Na kuna vitu gani bado mpaka leo havijatoka? Naombeni msinijibu "sikiliza zote" maana nina masikio mawili tu.

santuri_kuukuu:

Karibu mkuu, umeingia pabaya, huku hatoki mtu.

Jibu fupi: nyimbo zipo, albamu haipo. Kati ya Mei na Oktoba 1969 jamaa walikuwa wanaingia na kutoka studio ya Record Plant pale New York, wakiwa na mkataba na lebo ya MGM (Verve, lebo iliyoandikwa kwenye santuri zao za mwanzo, ilikuwa mali ya MGM, usichanganyikiwe na majina). Hapo John Cale, mpiga viola (chombo kama fidla), alishaondolewa tangu 1968, nafasi yake ameshika Doug Yule, kwa hiyo ni Lou, Sterling Morrison, Moe Tucker na Doug, ndo haohao wa hiyo albamu ya taratibu iliyokunasa. Wakarekodi nyimbo za kutosha kabisa kujaza santuri nzima na zikabaki. Foggy Notion, I Can't Stand It, Lisa Says, She's My Best Friend, Andy's Chest, I'm Sticking with You, Ocean ya kwanza, Rock & Roll ya kwanza, hizi zote ni za miezi hiyo. Halafu ikawa kimya, hakikutoka hata kimoja. Mpangilio wa "albamu ya nne" unaoukuta YouTube na upande wa kwanza na wa pili umeandaliwa na mashabiki, kila mmoja na wake, wala usiwaamini wanaokwambia ndo halisi.

Haikuchomwa moto na mtu yeyote. Kanda zilikaa stoo. Miaka ya themanini mwanzoni kampuni ilivyokuwa inaandaa kutoa upya zile albamu tatu za kwanza ndo wakakutana nazo, na tena walikuta kanda za njia nyingi, yaani kila chombo kwenye njia yake, kwa hiyo waliweza kuzimiksi upya kuanzia mwanzo. Na hapa ndo jibu la pipa lako: VU imemiksiwa kwa masikio ya 1985, miaka ambayo kila fundi mitambo alitaka drams ziingie chumbani kabla ya mpigaji mwenyewe. Moe Tucker alikuwa anapiga amesimama, hana matoazi karibu kabisa, mapigo yake ni makavu na yako wazi, wao wakaja kuyavika mwangwi. Boksi la 2014 la kuadhimisha miaka 45 ya ile albamu ya tatu lina diski nzima ya vikao vya 1969, baadhi ya nyimbo kwa miksi ya mwaka huohuo na nyingine zimemiksiwa upya bila mbwembwe. Hiyo Foggy Notion kavu inatoka humo. Ukishaizoea ile ya 1985 utaiona imevaa koti la mtu mwingine.

Kingine cha kuangalia, VU na Another View sio za 1969 tupu. Stephanie Says na Temptation Inside Your Heart ni Februari 1968 na Cale bado yupo (kwenye Temptation wanasikika kabisa wanapiga soga na kucheka katikati ya wimbo, mi naipenda kwa hilo tu). Hey Mr. Rain nayo ni 1968, ile viola inayolia humo ni Cale. Anayekwambia "albamu iliyopotea" halafu anaanza na Stephanie Says, huyo achana naye taratibu.

Lebo_Ni_Majambazi:

Mbona hujasema kwanini haikutoka wakati swali lipo hapo juu?? Ni Mike Curb huyo. Aliletwa kuiongoza MGM akiwa kijana mdogo wa kupendeza wazazi, akatangaza anafukuza bendi 18 kwa madai kwamba zinatukuza madawa ya kulevya. Sasa we fikiria bendi ina wimbo unaitwa Heroin kwenye santuri yao ya kwanza kabisa, wangeponaje. Wakafukuzwa na kazi yao ikafungiwa stoo miaka 15. Kila mara hizi lebo ndo zinaua muziki halafu baadae zinakuja kutuuzia maiti kwenye boksi la bei mbaya.

Njia_Nne:

Tatizo la hiyo stori mkuu ni tarehe. Tangazo la Curb la kufukuza bendi 18 ni mwishoni mwa 1970. Velvet wakati huo walishahamia lebo ya Atlantic zamani, albamu yao ya nne, Loaded, ilirekodiwa kwenye studio za Atlantic kuanzia Aprili 1970 na ikatoka Novemba mwaka huohuo kupitia Cotillion, lebo ndogo ya Atlantic. Huwezi kufukuza mtu ambaye ameshahama na anakaribia kutoa albamu kwa jirani yako.

Kilichotokea kinachosha zaidi kuliko hadithi ya kufukuzwa. Albamu tatu za kwanza hazikuuza, MGM haikuwa na hamu nao, na wenyewe hawakuwa na hamu na MGM, wako mguu mmoja nje huku mkataba unawataka warekodi. Ukiisikiliza diski ya 1969 kwa jicho hilo utaona baadhi ya nyimbo zimekamilika kabisa, Foggy Notion huwezi kuiongezea kitu, na nyingine kama I'm Gonna Move Right In ni watu wanapasha misuli tu, hakuna hata mwimbaji. Walipoondoka, kanda zilibaki kwa aliyezilipia. Ndo sheria za kazi hiyo zilivyokuwa na kwa sehemu kubwa ndo zilivyo hata leo, studio inalipwa na lebo, kanda ni ya lebo, mwanamuziki anaondoka na wimbo kichwani.

Na Lou aliondoka nazo kichwani kweli. Angalia: Lisa Says, Ocean na I Can't Stand It kazirudia kwenye albamu yake ya kwanza ya peke yake 1972. Andy's Chest ikaenda Transformer mwaka huohuo. Stephanie Says akambadilisha jina mhusika, akaipunguza mwendo na kuitia huzuni, ikawa Caroline Says II kwenye Berlin ya 1973. She's My Best Friend ikaja Coney Island Baby. Rock & Roll waliirudia mapema tu, kwenye Loaded. Kwa hiyo mtu aliyekuwa ananunua santuri za Lou miaka ya sabini alikuwa anaisikia ile "albamu iliyopotea" vipandevipande bila kujua, na bila Moe na Sterling, ndo maana nyingine zinasikika hazina mifupa.

Lebo_Ni_Majambazi:

Sawa ya tarehe nimekuelewa, ila bado waliziacha stoo miaka 15, hilo huwezi kulitetea.

Kelele_Tamu:

Wakuu mmeganda kwenye stoo ya MGM wakati utamu wenyewe uko nje ya studio. Hii bendi ukiondoa zile albamu nne, sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu walivyokuwa jukwaani tumekipata kwa sababu kuna mtu alibeba kinasa sauti kwa mapenzi yake. Lebo haikutuma mtu.

Robert Quine. Huyu baadae alikuja kuwa mpiga gitaa mkubwa, kapiga na Richard Hell, kapiga na Lou mwenyewe kwenye The Blue Mask ya 1982, ila 1969 alikuwa shabiki tu anawafuata na kaseti, San Francisco na St. Louis, anakaa nao wanazoeana, anarekodi shoo hadi shoo. Kaseti zikakaa kwake zaidi ya miaka 30 ndo zikatoka 2001, CD tatu. Humo kuna Sister Ray tatu, ule wimbo wao mrefu wa White Light/White Heat. Ile ya studio ina dakika 17 na watu wanalalamika ndefu, moja ya kwa Quine inafika dakika 38, na sio kelele za kujaza muda, wimbo unashuka mpaka unakuwa mnong'ono halafu unapanda tena kutoka pembeni. Ubora wa sauti ni wa kaseti, siwadanganyi, besi imevimba na ngoma ziko mbali. Dakika kumi za kwanza utalalamika, baada ya hapo sikio linajirekebisha lenyewe.

Halafu kuna Max's Kansas City, tarehe 23 Agosti 1970, usiku wa mwisho wa Lou kwenye bendi. Brigid Berlin, yule wa kundi la msanii Andy Warhol (wengi walimuita Brigid Polk), kaweka kaseti yake mezani na kurekodi. Atlantic wakaichukua hivyohivyo ilivyo, mono, wakaitoa 1972. Glasi zinagongana, watu wanapiga porojo, mshairi Jim Carroll unamsikia anaagiza Pernod (kinywaji cha pombe) katikati ya nyimbo kama vile wewe ndo mhudumu. Moe hayupo, alikuwa mjamzito, drams kapiga Billy Yule mdogo wake Doug, na ndo maana inasikika kama bendi nyingine kidogo. Mpaka leo sijaona rekodi rasmi ya lebo kubwa inayokuweka mezani namna ile.

Na ukitaka zenye sauti safi ni Matrix, klabu ya San Francisco, Novemba 1969. Klabu yenyewe ilikuwa na mashine ya njia nne. Baadhi zilitoka 1974 kwenye ile 1969: Velvet Underground Live, nyingi zaidi zikaja 2015 kwenye The Complete Matrix Tapes. Ocean ya humo, sawa Record Plant wamejitahidi, ila Ocean ni ya Matrix basi.

dada_wa_viola:

Mi nitasema ambalo hamtalipenda. Sio kila kanda inatakiwa kusikika. Mnaongea kama vile kila kilichobaki stoo kimeonewa, wakati Njia_Nne kashawaonyesha hapo juu kwamba mtunzi mwenyewe alizichukua nyimbo, akazifanyia kazi upya na kuzitoa jinsi alivyotaka zisikike. Caroline Says II ni kubwa kuliko Stephanie Says, kubwa mara nyingi sana, na ingekuwa Stephanie Says imetoka 1968 kama wimbo wa redio pengine Berlin tusingeipata ilivyo. Kukaa stoo kuna faida zake.

Na nyingine ni mazoezi ya watu. Ile boksi ya 1995, Peel Slowly and See, CD nzima ya kwanza ni demo za Julai 1965 nyumbani kwa Cale pale Ludlow Street, Lou, Cale na Sterling, hamna drams, wanarudia wimbo mmoja tena na tena, wanakosea, wanaanza upya. Venus in Furs ya humo inaimbwa na Cale kama wimbo wa kale wa wachunga kondoo wa Uingereza. Inafundisha sana, nakubali. Ila nimeisikiliza kama mwanafunzi, sijawahi kuiweka nikiwa napika. Watu wanaitaja kana kwamba ni albamu ya kustarehe nayo, sio kweli.

Kelele_Tamu:

Dada hapo kwenye Caroline Says II nitakuachia. Ila kwa hoja yako hiyo hata ile kanda ya Mei 1965 tusingeisikia.

Mgeni_wa_Gitaa:

Kanda gani tena ya Mei 1965? Na kuna mahali nimesoma habari ya santuri iliyonunuliwa senti 75 mtaani, hiyo ndo ileile au nyingine?

santuri_kuukuu:

Ni mbili tofauti, na zote ni za kweli.

Ya kwanza, Mei 1965, kabla bendi haijapata hata hilo jina, Lou akiwa na Cale wakarekodi demo kwenye kanda, Lou akaifunga kwenye bahasha akajitumia mwenyewe kwa posta na kuipokea bila kuifungua. Ilikuwa njia ya mtu asiye na hela ya mwanasheria kuonyesha kwamba wimbo ni wake, muhuri wa posta unabeba tarehe na bahasha haijaguswa. Akakaa nayo maisha yake yote imefungwa vilevile. Kafariki 2013, kwenye mali zake wakaikuta, na 2022 nyimbo zikatoka kwa jina Words & Music, May 1965. Humo kuna I'm Waiting for the Man, Heroin na Pale Blue Eyes zikiwa changa kabisa, na gitaa kavu na harmonika, Lou kajaa Dylan mpaka kwenye pua. Waiting for the Man inakaribia kuwa wimbo wa shambani. Kwa anayedhani bendi hii ilizaliwa na kelele zake tayari, ile kanda inamrudisha nyuma.

Ya senti 75 ni asetati. Asetati ni sahani ya aluminiamu iliyopakwa laka, inachongwa moja moja ili watu wa kampuni wasikilizishane, haijatengenezwa idumu, sindano inaila kila ikipita. Aprili 1966 bendi ilirekodi Scepter Studios pale Manhattan, na Norman Dolph, aliyekuwa anafanya kazi lebo ya Columbia upande wa mauzo, alisaidia gharama na kupanga kikao, malipo yake yakawa mchoro wa Warhol (si malipo mabaya, ukiangalia michoro hiyo ilikuja kuuzwaje). Akachonga asetati, akaipeleka Columbia, Columbia wakasema hapana. Baadae Verve wakawachukua, nyimbo kadhaa zikarudiwa Hollywood na nyingine zikamiksiwa upya, ndo ikaja ile ya ndizi mwezi Machi 1967. Ile sahani ikapotea.

2002 mtu mmoja kainunua kwenye mauzo ya vitu vya zamani mtaa wa Chelsea, New York, kwa senti 75. Ilipokuja kujulikana ni nini ikapelekwa eBay 2006, dau likapanda mpaka zaidi ya dola 155,000 na aliyetaja akaingia mitini, ikarudishwa mnadani na kuuzwa dola 25,200. Nyimbo tisa. Heroin ya humo mstari wake wa kwanza unasema kinyume kabisa cha ule unaoujua, European Son nayo ni nyingine. Hauhitaji dola elfu 25, boksi la 2012 la miaka 45 ya albamu ya kwanza wameiweka yote, na mikwaruzo yake.

Njia_Nne:

Na kwa swali lake la mwisho ambalo wote mmelikwepa, nini bado.

La kwanza ni Sweet Sister Ray, ya klabu ya La Cave pale Cleveland 1968, Cale bado yupo. Ni kama utangulizi wa Sister Ray, zaidi ya nusu saa ya wimbo ambao hauna haraka na mtu, na unazunguka kwenye nakala za magendo tu. Zile kaseti za Quine jalada limeandikwa Volume 1, sasa hesabu mwenyewe miaka tangu 2001, Volume 2 haijaja.

Lingine ni Guess I'm Falling in Love ya studio yenye sauti, hiyo usiitafute. Ya studio ya Desemba 1967 ni vyombo vitupu, hakuna aliyeimba. Ya kuimbwa ni ya jukwaani, ukumbi wa Gymnasium, New York, Aprili 1967, na shoo hiyo ilikuja kutoka kwa urefu kwenye boksi la White Light/White Heat la 2013. Ukikuta YouTube "Guess I'm Falling in Love studio na sauti" ujue kuna kijana kachukua sauti ya Gymnasium kaipandikiza juu ya vyombo vya studio. Sikiliza sauti ikikatika, na mwangwi wa ukumbi unakatika nayo. Mtu akiimba studio hawezi kuja na ukumbi wake mfukoni.

Njia nyingine ya kumkamata mwongo ni kuangalia tarehe na mahali. Rekodi za kweli za hii bendi zinajulikana zilipigwa wapi na lini. Akikuandikia "adimu, haijawahi kutoka, 1969" bila klabu wala studio, mara nyingi ni Matrix iliyopunguzwa besi.

Lebo_Ni_Majambazi:

Kwahiyo aanzie wapi sasa, maana kashasema ana masikio mawili

Kelele_Tamu:

Matrix.

dada_wa_viola:

Diski ya 1969 kwenye boksi la 2014 kwanza, maana ameshanasa kwenye albamu ya tatu na hao ndo watu walewale miezi michache mbele. Halafu Matrix. Quine ayaache mpaka atakapokuwa na siku nzima na nyumba haina mtu.

Mgeni_wa_Gitaa:

Nimeanza na diski ya 1969 muda huu ninavyoandika. I'm Sticking with You kaimba nani huyo? Moe mpiga drams??

santuri_kuukuu:

Ndo yeye anaimba, piano ikimsindikiza. Sauti ya kiume inaingia mwishoni. Ukitoka hapo tafuta After Hours kwenye hiyohiyo ya tatu uliyonayo, ni yeye tena.